Makazi ya Anga Katika Mtaa wa Morton

Mwishoni mwa mwaka 1968, wakazi wa Germantown, kitongoji kikongwe cha jiji la Philadelphia, walipata majirani wasio wa kawaida. Walihamia katika nyumba moja ya Mtaa wa Morton wakiwa na ngoma, saksafoni, vinanda vya umeme na marundo ya karatasi za noti. Jukwaani walivaa majoho ya kumetameta na kofia za kifarao, wakatangaza kwamba kwao ni kwenye sayari nyingine. Nyumbani walikuwa watu wazima waliokula chungu kimoja, waliokatazwa pombe na dawa za kulevya, na waliokuwa tayari kuamka usiku wa manane kiongozi wao akiita mazoezi. Kiongozi huyo aliitwa Sun Ra. Bendi iliitwa Arkestra.

Mavazi yale ndiyo yaliyobaki vichwani mwa watu wengi. Lakini anayezifuatilia kumbukumbu za walioishi ndani ya nyumba ile, walizozitoa kwenye mahojiano na vitabu kwa zaidi ya nusu karne, anakutana na jambo zito kuliko joho lolote. Bendi hii isiyo na mfadhili ilikuwa ikifanyia kazi swali ambalo hata leo wahandisi wa safari za anga hawajalimaliza: watu wachache, wenye mali kidogo, wataishije pamoja miaka mingi mahali pasipowataka, bila kusambaratika, na bado watoe kitu chenye uzuri? Arkestra haikufika hata Mwezini. Makazi iliyajenga, tena yangali yapo.

Sun Ra alizaliwa Birmingham, Alabama, tarehe 22 Mei 1914, akapewa jina la Herman Poole Blount. Birmingham ya wakati huo iligawanywa kwa sheria za ubaguzi wa rangi: shule mbali, hospitali mbali, viti vya basi mbali. Mtoto huyo alijifunza piano mapema, na alipokuwa kijana tayari alikuwa akiongoza bendi yake mwenyewe. Mwaka 1942 alipoitwa jeshini alikataa kwa sababu za dhamiri. Akawekwa jela katika mji wa Jasper, kisha akapelekwa kwenye kambi ya kazi za misitu huko Pennsylvania, na mwaka 1943 akaachiliwa kwa sababu za kiafya. Baada ya vita alihamia Chicago, akapata kazi ya kupiga piano na kupanga muziki kwenye bendi ya Fletcher Henderson katika ukumbi wa Club DeLisa. Tarehe 20 Oktoba 1952 alikwenda mahakamani kubadili jina, akawa Le Sony'r Ra.

Alikuwa na kumbukumbu moja aliyoisimulia hadi kufa kwake bila kuyumba. Alisema kwamba akiwa kijana chuoni, mwanga mkubwa ulimzunguka, akachukuliwa hadi sayari ya Zohali, na huko akaambiwa aache masomo ya ualimu kwa sababu dunia ingeingia kwenye machafuko, naye angezungumza na watu kwa njia ya muziki. John Szwed, aliyeandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1997, anaionyesha simulizi hiyo ikiwa karibu sana na shuhuda za wito zinazotolewa katika makanisa ya Wamarekani Weusi, ambamo mtu hunyakuliwa na kurudi akiwa na kazi ya kufanya. Waumini wa makanisa hayo waliimba kuhusu magari ya kuwapeleka mbinguni tangu zama za utumwa. Sun Ra alichofanya ni kuchukua hamu ile ile ya kuhama na kuipa roketi.

Marshall Allen ndiye shahidi aliyeishi na jambo hili kwa muda mrefu kuliko wote. Alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 25 Mei 1924. Katika Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, akapiga katika bendi za kijeshi na kufika Ufaransa. Vita vilipokwisha alibaki Paris kwa muda na kusoma muziki. Aliporudi Marekani aliishi Chicago, akifanya kazi ya kiwandani mchana na kutafuta pa kupigia saksafoni usiku.

Anakumbuka kwamba siku moja, katika duka la santuri, alisikilizishwa rekodi ya bendi asiyoijua. Alipouliza akaambiwa bendi ni ya hapo hapo mjini, na kwamba kiongozi wake anatafuta wapigaji. Akaenda mazoezini. Badala ya kumpima kwa noti, Sun Ra alikaa naye akimzungumzia Biblia, Misri ya kale na anga za juu, mazungumzo yakaendelea hadi usiku ukaisha. Allen alijiunga mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuondoka tena.

Kumbukumbu zake kuhusu miaka ile ya mwanzo zinarudia jambo moja: alifika akiwa anajua kupiga, na akaambiwa kwamba anachokijua hakitoshi. Sun Ra alitaka kusikia sauti ambayo mpigaji mwenyewe hajawahi kuitoa. Allen alijaribu, akakataliwa, akajaribu tena, mpaka siku alipoghadhibika na kupuliza bila mpango, na kiongozi akaridhika. Mtindo wake wa leo wa saksafoni alto, wenye vilio na mikwaruzo inayopaa ghafla, ulianzia kwenye mazoezi hayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1966. Sun Ra alikusanya vyombo vya nyuzi vya aina mbalimbali kutoka maduka ya vitu vya kale na vya nchi za mbali, akawagawia wapulizaji wake wa saksafoni na tarumbeta. Hakuna aliyejua kuvipiga. Walipouliza wapige nini, hawakujibiwa. Aliwanyooshea kidole tu, mmoja mmoja, wakati wa kuanza. Albamu iliyotokana na siku hiyo inaitwa Strange Strings. Ni ngumu kuisikiliza, na wapo wasioipenda. Lakini mtu anayefikiri kuhusu makazi mapya angani atatambua kinachofanyika humo. Mhamiaji wa kwanza katika sayari yoyote atakuwa fundi, mkulima, tabibu na mpishi kwa wakati mmoja, na mengi ya hayo atayafanya kabla hajayajua. Wapigaji wale walizoezwa kubaki watulivu na kusikilizana katika hali ambamo ujuzi wao wa zamani haukuwafaa kitu.

Muziki wa anga ulihitaji pia mfuko. Hapa ndipo anapoingia Alton Abraham, mkazi wa Chicago aliyekutana na Sun Ra mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa meneja, mshauri na mlezi wa mradi mzima. Wawili hao walianzisha kampuni yao ya santuri, El Saturn, wakati ambapo wanamuziki Weusi waliomiliki kampuni za kurekodi walikuwa wachache sana. Mwaka 1957 walitoa santuri ndefu ya Super-Sonic Jazz. Baada ya hapo zilifuata nyingine kwa makumi.

Namna walivyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa urefu. Mazoezi na maonyesho yalirekodiwa kwenye kanda na bendi yenyewe. Walipopata fedha kidogo walichapisha nakala chache, pengine zisizofika mia moja. Majalada mengi yalichorwa kwa mkono na wanabendi, kwa kalamu za rangi na vipande vya karatasi, hata nakala mbili za albamu moja zikatofautiana sura. Mengine hayakuwa na tarehe wala majina ya wapigaji. Santuri ziliuzwa ukumbini baada ya onyesho au kwa posta, kwa fedha taslimu. Leo wakusanyaji hulipa maelfu ya dola kwa nakala moja ya aina hiyo, ingawa wakati ule fedha ya mauzo ilitosha kununua chakula na tiketi ya safari inayofuata.

Wanaoujua muziki wa dansi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Akivichukua, wapigaji hubaki na vipaji vyao mkononi na pa kupigia hawana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. El Saturn iliwapa Arkestra kitu ambacho bendi kubwa zenye mikataba minono hazikuwa nacho: haki ya kutoa wanachotaka, wakati wanaotaka, hata kama soko halikitaki. Miaka ya 1970 kampuni kubwa ya Impulse! ilichapisha upya baadhi ya albamu zao, na mpango huo ukakoma baada ya miaka michache. Bendi haikutikisika, kwa kuwa kanda zilikuwa zake.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1961 walikwenda Montreal, Kanada, kwa kazi iliyoharibika mapema, kisha wakaelekea New York na kubaki huko wakiwa na fedha kidogo mno. Ili kupunguza matumizi wakaishi pamoja. Kilichoanza kwa sababu ya umaskini kikageuka kuwa utaratibu wa kazi, kwani watu wanaolala chini ya paa moja huweza kuitwa mazoezini wakati wowote wazo linapomjia mtunzi. Katika miaka hiyo mpiga ngoma Tommy Hunter, ambaye pia alisimamia kinasa sauti, aligundua kwamba akiunganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti na kuurudisha kwenye tundu la kuingizia, kanda hujaa mwangwi mzito unaozunguka bila kikomo. Alihofia kiongozi angekasirika. Sun Ra alifurahi, na mwangwi huo ukawa sauti ya utupu wa anga kwenye albamu ya Cosmic Tones for Mental Therapy, iliyorekodiwa mwaka 1963. Studio ya gharama kubwa isingewapa sauti ile. Ilitoka kwenye mashine moja na mtu aliyeruhusiwa kuichezea.

Kuanzia Machi 1966 walipata usiku wao wa kila Jumatatu katika ukumbi wa Slug's, upande wa mashariki wa Manhattan. Watu walianza kuwafahamu. Kisha nyumba waliyopanga New York ikatangazwa kuuzwa, na ndipo baba yake Marshall Allen, aliyekuwa na nyumba Philadelphia, alipowafungulia mlango wa Mtaa wa Morton.

Huko Germantown makazi yalikamilika. Wanabendi waliendesha duka dogo la mahitaji ya nyumbani katika mtaa huo, wakaliita Pharaoh's Den. Majirani, ambao huenda mwanzoni walishtuka, waliwazoea, kwa sababu walikuwa watu wa heshima wasio na ulevi na waliozungumza na vijana. Radi ilipopiga mti karibu na nyumba yao, James Jacson, mpigaji wa basuni na ngoma, alichukua kipande cha gogo na kukichonga kuwa ngoma kubwa iliyopigwa kwa miaka mingi kwenye maonyesho ya bendi. June Tyson, aliyejiunga mwaka 1968, alikuwa mwimbaji, mchezaji na mshonaji wa mavazi. Sauti yake iliyonyooka ndiyo iliyobeba maneno ya safari. Sun Ra alipoongea kwa mafumbo, Tyson aliyaimba kwa namna ambayo mtoto angeweza kuyashika. Chakula, duka, mavazi, vyombo, kurekodi na kuuza vyote vilitoka kwa watu wale wale.

Makazi haya hayakuwa pepo. Neno la kiongozi lilikuwa sheria. Aliyekosa nidhamu angeweza kukaa jukwaani onyesho zima bila kupewa nafasi ya kupiga peke yake. Malipo yalikuwa haba, wengine waliondoka, wengine wakarudi. Na wapo waliolipa bila kuombwa ridhaa. Pat Patrick, mpuliza saksafoni bariton aliyekuwa nguzo ya bendi tangu Chicago, aliacha mke na watoto akaenda New York. Mwanawe, Deval Patrick, wakati huo alikuwa na miaka minne. Mtoto huyo alikulia katika umaskini wa kusini mwa Chicago, baadaye akawa gavana wa kwanza Mweusi wa jimbo la Massachusetts, kuanzia mwaka 2007 hadi 2015. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, A Reason to Believe, kilichotoka mwaka 2011, anasimulia siku baba yake alipotoka nyumbani na jinsi yeye alivyomkimbilia nyuma. Miaka ilipita, wakapatana. Simulizi hiyo inapaswa kusomwa pamoja na sifa zote za Arkestra, kwa kuwa mipango ya kuhamia Mirihi inazungumza sana kuhusu wanaokwenda na kidogo mno kuhusu watoto watakaobaki mlangoni.

Wakati bendi inatulia Philadelphia, safari halisi za anga zilikuwa zimepamba moto. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijarushwa, mchungaji Ralph Abernathy aliongoza familia maskini na nyumbu wa kukokota mikokoteni hadi karibu na kituo cha kurushia roketi huko Florida, kuuliza taifa linalopeleka watu Mwezini linashindwaje kulisha watoto wake. Thomas Paine, mkuu wa NASA, alitoka kuzungumza naye uso kwa uso. Watu wengi Weusi waliiona safari ile kuwa sherehe ya wengine. Sun Ra alishika njia tofauti. Hakuipinga anga, alitaka watu wake wawe na nafasi yao huko, kwa masharti yao wenyewe.

Swali la nani anayeweka masharti ya kwenda angani lilihusu hata pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Jukwaa liliendeshwa na Waitaliano na satelaiti ilikuwa ya NASA. Ikweta ilikuwa yetu, na maamuzi yalifanyika kwingine.

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilimwalika Sun Ra kufundisha somo kuhusu mtu Mweusi na ulimwengu wa anga. Nusu ya kipindi ilikuwa mhadhara, nusu nyingine muziki. Mwaka uliofuata, ng'ambo kidogo ya hapo, mwongozaji John Coney na mtayarishaji Jim Newman walianza kupiga picha filamu ya Space Is the Place katika miji ya Oakland na San Francisco. Ilitoka mwaka 1974. Ndani yake Sun Ra anaipata sayari yenye mimea ya ajabu, anaamua kuwahamishia huko Wamarekani Weusi, na chombo cha kuwasafirisha ni muziki. Anarudi Oakland, anaingia kituo cha vijana ambao kwanza wanamcheka, anafungua ofisi ya kuajiri watu wa kwenda angani, na maofisa wa NASA wanamteka ili awape siri ya usafiri wake.

Septemba ya mwaka huo huo wa 1974, mwanafizikia Gerard O'Neill wa Princeton alichapisha katika jarida la Physics Today makala yake mashuhuri kuhusu kuhamia anga. Kiangazi cha 1975, wataalamu walikusanyika katika kituo cha NASA cha Ames, kusini mwa ghuba ile ile ya San Francisco, wakachora mji wa umbo la pete wenye kipenyo cha karibu kilomita 1.8, wa kuchukua watu 10,000, ukizunguka ili kuleta uzito miguuni. Walikokotoa udongo wa kuchimbwa Mwezini, mwanga wa jua, mazao na hewa. Hesabu zao bado zinasomwa. Filamu ya Arkestra haikuwa na hesabu hata moja, ila iliuliza kuhusu orodha ya abiria: nani anaitwa, nani anaita, na mtu aliyefundishwa kwamba hana thamani hapa atakubali vipi kwamba kuna mahali panapomhitaji? Eneo moja, miaka ile ile, makundi mawili yakichora makazi ya anga pasipo kukaa meza moja.

Bendi haikukaa kungoja chombo. Agosti 1970 ilipiga kwenye jumba la sanaa la Fondation Maeght kusini mwa Ufaransa. Desemba 1971, ikiwa Ulaya, iliamua kwenda Cairo ingawa hakuna aliyeialika na fedha zilikuwa kidogo. Vyombo vyao vikazuiwa forodhani. Mjerumani Hartmut Geerken, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliwafungulia nyumba yake katika kitongoji cha Heliopolis wapige humo. Salah Ragab, mpiga ngoma aliyeongoza muziki wa jeshi la Misri, aliwaazima vyombo huku akijua wakubwa wake wangeweza kumwadhibu. Rekodi za safari hiyo zipo, na miaka ya 1980 Ragab na Arkestra walipiga pamoja. Mwanzoni mwa 1977 walikuwa Lagos, kwenye tamasha kuu la sanaa la FESTAC, mbele ya wasanii kutoka sehemu nyingi za Afrika na watu wa asili ya Afrika duniani. Watu waliosema kwao ni Zohali walikuwa wepesi kuvuka mipaka ya Dunia, na kila walipokwama walimpata mwenyeji.

Sun Ra alipata kiharusi mwaka 1990. Aliendelea kupiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha akarudishwa kwa ndugu zake Birmingham, akafariki tarehe 30 Mei 1993 akiwa na miaka 79.

Wakati anafariki, watu wanane walikuwa wamejifungia ndani ya jengo la vioo huko Arizona lililoitwa Biosphere 2. Waliingia tarehe 26 Septemba 1991 kujaribu kuishi miaka miwili kwa hewa, maji na chakula cha humo humo, kama maandalizi ya makazi ya angani. Oksijeni ilishuka hadi ikabidi iongezwe kutoka nje. Njaa iliwasumbua. Na wale wanane waligawanyika pande mbili za watu wanne wanne, wakamaliza muda wao wakiwa hawaelewani. Waliyasimulia haya wenyewe walipotoka. Mradi ule ulikuwa na vyuma, vioo na mamilioni ya dola. Nyumba ya Germantown ilikuwa na vyumba vilivyobanana, kanda na jiko moja, nayo ilikuwa imedumu robo karne kwa kazi moja iliyowaleta wote sebuleni kila siku: mazoezi.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya maziko. Jamii iliyojengwa juu ya mtu mmoja kwa kawaida hufa naye, na wengi walitarajia hivyo. John Gilmore, mpuliza saksafoni tenor ambaye gwiji wa saksafoni John Coltrane mwenyewe alikiri kujifunza kutoka kwake, alichukua uongozi, naye akafariki mwaka 1995. Ndipo zamu ikamfikia Marshall Allen, akiwa na miaka 71, umri ambao watu wengi huwa wameshaweka vyombo chini. Alichokirithi kilikuwa mamia ya tungo zilizoandikwa kwa mkono, kanda, majoho na nyumba iliyochakaa. Akazipanga karatasi, akawafundisha vijana, akaongeza tungo zake. Uamuzi wa Sun Ra wa kuwaandikia wapigaji wake sehemu zao kwenye karatasi, kila mmoja kwa sauti yake, ndio uliowawezesha walioachwa kuendelea; muziki ulikuwa umeshatoka kichwani mwake ukawa mali ya nyumba.

Matunda yameonekana. Mwaka 2020 Arkestra ilitoa albamu ya Swirling kupitia lebo ya Strut, ikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Mwaka 2022 jiji la Philadelphia liliiweka nyumba ya Mtaa wa Morton kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Nyaraka za Alton Abraham ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambako watafiti husoma barua, risiti na michoro ya majalada. Mei 2024 Allen alitimiza miaka 100, na Februari 2025 ikatoka New Dawn, albamu ya kwanza yenye jina lake mwenyewe. Knoel Scott, aliyejiunga mwaka 1979, amekuwa mkono wake wa kulia kwenye uongozi, na Tara Middleton anaimba tungo alizoziimba June Tyson, aliyefariki mwaka 1992. Wanabendi kadhaa wa leo hawakuwahi kumwona Sun Ra akiwa hai.

Mashirika ya anga na matajiri wanaojenga roketi za kwenda Mirihi wanaajiri wanasaikolojia, wanafungia watu kwenye vibanda vya majaribio, wanapima usingizi na hasira zao. Kazi hiyo ni ya lazima. Ingekuwa kamili zaidi kama wangewasikiliza pia waliokwisha kuishi maisha ya namna hiyo kwa miongo mingi, ambao kumbukumbu zao zinaeleza kwa undani kilichowashikanisha na kilichowaumiza: chakula cha pamoja, umiliki wa kazi ya mikono yao, ujirani mwema, kiongozi asiyepingwa, familia zilizoachwa, na karatasi zilizotunzwa kwa ajili ya watakaofuata.

Anayetaka kuanza kusikiliza asianze na Strange Strings. Aanze na Jazz in Silhouette ya mwaka 1959, ambamo bendi inapiga kwa mpangilio safi wa dansi ya zamani na masikio hayasumbuki. Kisha achukue Space Is the Place, albamu iliyotoka mwaka 1973, yenye wimbo mmoja unaojaza upande mzima wa santuri, sauti za waimbaji zikirudia wito ule ule juu ya mdundo mzito wa saksafoni bariton. Lanquidity ya 1978 inafaa wapenzi wa midundo ya taratibu ya usiku. Amalizie na Swirling, asikie tungo za Sun Ra zikipigwa na kizazi alichokiacha, Marshall Allen akiwa mbele yao na saksafoni yake.